Nafasi ya Kadi ya Pili

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye gurudumu moja linalolia, kwa hiyo kila nikijisogeza kidogo unaweza kudhani barua hii inalalamika. Natumaini inakukuta ukiwa mzima, kifua hakikusumbui tena, na hao unaofanya nao kazi wanakuachia angalau muda wa kula mchana. Shangazi ndiye aliyenipa anwani yako. Alisema umepata kibarua kwenye kiwanda kinachochapa mabango, na kwamba umekonda. Nilimuuliza umekonda kiasi gani, akasema siku hizi shati ndilo linalokuvaa wewe. Tafadhali, kula.

Sisi huku sote wawili hatujambo. Nimeandika "sote wawili" halafu nikaangalia maneno hayo kwa muda, kwa sababu bado sijayazoea. Mama yuko kwa Bibi tangu kabla hujaondoka. Nyonga ya Bibi inaunga polepole, na kila Jumapili Mama anapiga simu kuuliza kama nimekula na kama Baba amenyoa ndevu. Najibu ndiyo kwa yote mawili. La kwanza huwa ni kweli.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati simu zimejaa dunia nzima. Nilikupigia mara nyingi ule mwezi wa kwanza. Namba yako haikupatikana, kisha ikapatikana ikiwa ya mtu mwingine, mama mmoja mpole ambaye mara ya tatu aliniambia, "Mwanangu, huyo kaka yako simjui, lakini nikimwona nitamwambia unamtafuta." Baadaye nikaona barua ni afadhali. Simu mtu anaweza kuikata katikati ya sentensi, na mimi ninayo sentensi moja ambayo nikikatwa katikati sitaweza kuianza upya. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya kiungwana haitangulizi mzigo mlangoni, inabisha hodi kwanza. Basi acha nibishe hodi kwa habari za nyumbani.

Nimekuwa wa tatu darasani katika hesabu. Kwenye jiometri nilipata zote, na mwalimu aliinua daftari langu ili wengine waone michoro safi. Nilikimbia nalo nyumbani, nikampelekea Baba. Alivaa miwani, akaangalia, akasema vizuri, akaangalia tena, akasema mstari wa chini umepinda nusu milimita. Nikaupima. Ulikuwa umepinda kweli. Wewe ungepiga kelele nyumba nzima kwamba Rula kapindisha mstari, dunia imefika mwisho. Hakuna anayeniita Rula siku hizi, kaka. Shuleni wananiita kwa jina langu la daftarini, na Baba ananiita "wewe", siyo kwa ubaya, ila kwa sababu tukiwa wawili tu hakuna haja ya kubainisha anayeitwa.

Bado mkono wangu unachukua vikombe vitatu kabatini. Kila asubuhi narudisha kimoja. Baba naye amepata tabia mpya: anawasha redio sebuleni, halafu anaenda kukaa chumba cha kazi na kufunga mlango. Mwanzoni nilikuwa naizima nikidhani amesahau. Siku moja akatoka, akaiwasha tena, akarudi zake. Nadhani anapenda tu kusikia kwamba kuna mtu anaongea kwenye chumba kingine. Tangu siku hiyo siizimi.

Sasa niingie kwenye habari yenyewe, nayo ni ya kompyuta.

Tangu ilipotoa moshi miezi saba iliyopita, Baba alichomoa kadi za picha tu, hakuigusa tena. Aliifunika kwa shuka la zamani lenye maua, ikakaa pale kwenye kona kama mgonjwa aliyegeukia ukutani. Alirudi kwenye penseli na meza yake ya mbao, akawa anachora nyumba kwa mkono kama alivyofanya kabla wewe hujamfundisha. Michoro yake ni mizuri, hilo unalijua. Lakini wajenzi wamezoea zile picha zenu, nyumba ambayo haina hata tofali moja lakini unaona jua limeingia sebuleni na kulala juu ya zulia. Mmoja mmoja wakaanza kusema watapiga simu, na wewe unajua maana ya mjenzi kusema atapiga simu.

Mwezi uliopita akaja yule mkandarasi unayemwita Kofia, ambaye havui kofia yake ya ujenzi hata akiwa anakunywa chai kitini. Alileta kazi ya maktaba ya watoto: picha nane kwa wiki sita. Akasema waziwazi anataka za kompyuta, zile zenye mwanga. Akauliza yule fundi kijana yuko wapi. Nilikuwa naingia na maji ya kunywa, nikasimama ili nisikie jibu. Baba akasema, "Yuko safarini." Safarini! Kama mtu aliyebeba begi dogo akaahidi kurudi Ijumaa.

Kofia alipoondoka, Baba akaniita, akaondoa lile shuka. Alisema macho yake hayaoni tena maandishi madogo, na kwamba mimi nilikaa kati yenu siku zote mkizozana, kwa hiyo lazima nimeokota kitu. Nitafute mazabodi nyingine, ule ubao mkubwa ambao vifaa vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake, maana wa zamani uliungua. Kisha akaongeza, huku akikunja shuka pembe kwa pembe, kwamba nichukue yenye nafasi moja tu ya kadi ya picha. "Nafasi mbili zimetuonyesha cha mtema kuni," alisema.

Sikubishana. Nilisema ndiyo, Baba. Nikaenda chumbani, nikafungua daftari jipya, nikaandika ukurasa wa kwanza NAFASI MBILI, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Duka la kwanza nililoingia ni lile la vioo kwenye barabara ya benki. Muuzaji alikuwa kijana aliyejipulizia manukato mpaka nikapiga chafya. Kwa kuwa kitabu chetu cha shule kinasema "ubao mama", nami nikauliza ubao mama, akamwita mwenzake aje anisikilize tena. Walicheka, lakini siyo kwa kuumiza. Nilipowaambia nataka unaoweza kubeba kadi mbili za picha kwa wakati mmoja, yule wa manukato akauliza kama nyumbani kwetu tunarusha roketi. Nikamweleza kwamba Baba anachora nyumba zisizojengwa, na kwamba picha hupikwa ndani ya kadi, kadi moja ni jiko moja na kadi mbili ni majiko mawili. Hapo akaniheshimu kidogo. Akaniletea mazabodi yenye taa za rangi saba zinazokimbizana, akaiwasha nione. Nikatoa rula, nikapima nafasi ya kwanza, nikapima ya pili. Zilikuwa sawasawa kwa urefu. Nikaandika "sawa" kwenye daftari, nikamwomba aniwekee mpaka kesho, nikatoka nikitembea kama mtu mzima.

Nilijivuna, kaka. Sina budi kukwambia hivyo. Nikapitia kwa Mama Waya ili nijisifu.

Sidhani unamfahamu Mama Waya, kwa sababu alihamia mtaani baada ya wewe kuondoka. Anatengeneza kompyuta chini ya ngazi za jengo la ofisi za mawakili, mahali padogo ambapo akisimama lazima ainamishe kichwa, na anavaa bisibisi kwenye nywele kama wengine wanavyovaa kichana. Watu wanaoshuka ngazi huwa wanadondosha vumbi kichwani kwake, naye huwapigia kelele kwamba mvua imeanza. Nilimsomea daftari langu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nilitazama ndani ya ile nafasi ya pili au nilipima midomo yake tu.

Alichukua mazabodi mbovu ya aina hiyohiyo, akamulika kwa tochi ya simu, akaniambia niiname. Nafasi ya kwanza ilikuwa na meno ya shaba tangu mwanzo mpaka mwisho. Ya pili ilikuwa ndefu vilevile, lakini meno yalikuwa robo tu, na sehemu iliyobaki ilikuwa plastiki ya kudanganyia macho. Mama Waya alisema kadi ya pili ingeingia pale, ingekaa vizuri, hata ingewaka, ila ingekuwa kama mtu aliyekaribishwa karamuni akapewa mrija wa kunywea supu. "Rula inapima urefu, binti," alisema. "Haipimi kilichomo ndani."

Nilirudi nyumbani polepole. Neno "sawa" nikalifuta kwa raba mpaka karatasi ikatoboka.

Baada ya hapo nilikwenda kwa Mama Waya karibu kila siku nikitoka shule, na yeye akanifundisha kuchagua. Nakuandikia hapa ili uone kama amenifundisha vizuri. Alisema kadi zetu ni nene, kila moja inakalia upana wa nafasi mbili, kwa hiyo zisipoachiana pengo, ya juu inakosa hewa kwa sababu feni yake inavuta joto la mgongo wa mwenzake. Alisema hatuhitaji kile kidaraja cha kuunganisha kadi kwa juu, maana programu ya picha huigawia kila kadi vipande vyake na mwishoni huviunganisha yenyewe. Alisema prosesa yetu, ule ubongo wa kompyuta, ni ya zamani, haiwezi kukaa kwenye mazabodi za taa saba hata tukiipigia magoti, kwa hiyo tutafute iliyokwisha kutumika lakini yenye heshima zake. Halafu akanieleza habari ya njia. Kutoka kwenye prosesa kuna njia kumi na sita za kwenda kwenye kadi. Mazabodi nzuri ni ile inayojua kugawa: kadi ikiwa moja inapewa zote kumi na sita, na ya pili ikija, ile ya kwanza inarudisha nane bila kununa.

Niliandika hayo yote kwa wino. Usinicheke, ila niliposikia kuhusu zile njia ikabidi nijifanye nafunga kamba ya kiatu. Kwa sababu mimi sasa ninazo zote kumi na sita. Meza yote ni yangu, dirisha lote ni langu, hata kipande cha mwisho chunguni hakuna wa kukigombania. Na sizitaki, kaka. Chukua nane zako.

Wiki ya pili Mama Waya akapata mazabodi aliyoitaka, kutoka kwenye ofisi iliyokuwa inabadilisha mashine zake. Haina taa hata moja. Rangi yake ni ya kahawia kama viatu vya shule. Lakini nafasi zake mbili zina meno kamili, na kati yake nilipima pengo linalopitisha vidole vyangu viwili vikiwa vimelala. Alisema nimletee ile iliyoungua ili atoe prosesa na kulinganisha mashimo ya kufungia.

Jumamosi, Baba alipokwenda kuangalia kiwanja cha maktaba na Kofia, nikalaza kasha la kompyuta sakafuni, nikafungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa, nikainua mazabodi ya zamani. Chini yake palikuwa na kitu. Nitakwambia ni nini, kaka, naahidi, ila siyo katika ukurasa huu. Mkono wangu unahitaji kujiandaa.

Baba aliporudi jioni ile na kuona mazabodi ya kahawia mezani, alihesabu nafasi kwa kidole. Moja. Mbili. Akaniuliza kama huko shuleni siku hizi wanahesabu kuanzia mbili. Nikamjibu kwamba mazabodi ya nafasi mbili inaweza kufanya kazi na kadi moja bila shida yoyote, lakini ya nafasi moja haiwezi kuipokea kadi ya pili hata ije kupiga magoti mlangoni. Nilisema haraka, kama shairi lililokaririwa, kwa sababu nilikuwa nimelikariri. Baba akazihesabu tena kwa kidole. Najua alikumbuka alichokwambia siku ile ya moshi, kwamba nyumba hii haina nafasi ya mafundi wawili. Mwishowe akasema, "Haya, weka, Mama Maneno."

Akaenda kwenye droo yake ya penseli nzuri, ile ambayo sisi tulikatazwa hata kuipumulia, akatoa kadi yake. Na ya kwako ilikuwa humohumo, kaka. Nilidhani aliitupa. Imefungwa kwenye kitambaa laini anachofutia miwani, na ndiyo maana miezi hii yote anafutia miwani kwenye shati. Nilipoifunua haikuwa na vumbi hata kidogo. Droo ile ina vumbi la penseli kila mahali, kwa hiyo kuna mtu amekuwa akiisafisha, na siyo mimi.

Tuliiwasha. Feni ilizunguka, tukatazamana, Baba akapiga kofi moja la mkono juu ya meza, basi. Tunatumia kadi moja. Picha moja inawekwa jikoni nikienda shule na inaiva nikirudi. Sita zimeshapita hivyo. Kofia aliziona, akasema nzuri, nzuri, akazigeuzageuza, kisha akauliza yule mtoto mwenye mkoba yuko wapi.

Baba akaanza kuzikusanya picha mezani. Unajua kwamba hakuna picha yako hata moja ambayo hukuniweka mahali fulani, kwenye ngazi, au dirishani, au nyuma ya nguzo, mdogo kiasi kwamba mtu asiyejua haoni. Baada ya Kofia kwenda, Baba alijaribu kuniweka yeye mwenyewe. Alihangaika mchana kutwa. Nilitokea nikiwa mrefu kuliko mlango, kichwa kimepenya kenchi za paa, mkoba mkubwa kama jokofu. Tulicheka, mimi na Baba, mara ya kwanza tangu uondoke. Halafu kicheko kikaisha, na redio ikawa inaongea peke yake sebuleni. Akanifuta. Ni maktaba ya watoto, kaka, na haina mtoto hata mmoja.

Sasa nimefika. Nimesimama kidogo nikanywa maji.

Ile siku kabla ya moshi, wewe na Baba mlikuwa mmekwenda kupima jengo. Wewe ulikuwa umeweka kadi yako, ile ya pili, wiki mbili tu nyuma, na Baba alikuwa bado ananung'unika kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Mimi nilitaka kuwafurahisha wote wawili. Nikafungua kasha nifute vumbi, kama nilivyokuona unafanya. Nilitoa kadi zote mbili, nikazifuta kwa brashi ya rangi, nikazirudisha. Skrubu nilizofungua zilikuwa kumi na moja. Nilizihesabu, unanijua. Wakati wa kufunga, zilikuwa kumi.

Ya kumi na moja ilikuwa ile inayoshikilia kadi yako kwenye kasha. Niliitafuta chini ya meza, kwenye mkeka, ndani ya viatu vya Baba. Nilitikisa kasha, nikasikia kitu kinagonga mara moja, kisha kimya. Nikajiambia labda ni sikio langu. Nikajiambia nitaitafuta kesho. Niliwasikia mnaingia getini, nikafunga mfuniko, nikaenda kuosha vyombo.

Asubuhi yake ukawasha kompyuta, moshi ukatoka. Baba alisema ni kadi yako ya pili, kwamba alikuonya, kwamba hujui kutosheka. Wewe ukamwambia anaogopa kila kitu asichokijua. Akasema yale ya nafasi ya mafundi wawili. Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika fagio. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, kaka, nililionja kabisa. Lakini mlikuwa mnapiga kelele, nikaona ngoja watulie kwanza. Hamkutulia. Ulichukua begi, na mimi nikakufungulia geti.

Nikakufungulia geti! Ndicho nilichofanya.

Ile skrubu ilikuwa chini ya mazabodi, imejibana kati ya ubao na bati, na kichwa chake kina doa jeusi kama cha kiberiti kilichokwisha kuwashwa. Mama Waya alipoiona alisema huyu ndiye mwizi wenu, amepitisha umeme pasipotakiwa, kadi ya pili ilisingiziwa. Akauliza nani alifungua mashine mara ya mwisho. Nikasema sijui. Kwa hiyo nimedanganya mara mbili, mara ya kwanza kwa kunyamaza, mara ya pili kwa kusema.

Ningeweza labda kuendelea kunyamaza, maana hata kunyamaza mtu huzoea. Lakini wiki iliyopita Shangazi, pamoja na habari za shati, aliniambia kwamba hapo kiwandani walikuuliza kama unajua kompyuta, wakitafuta mtu wa kutengeneza picha za mabango, na wewe ukasema hapana. Unabeba marobota ya karatasi. Ulimwambia Shangazi kwamba una mkono mbaya, kwamba unachogusa kinaungua, na kwamba labda Mzee alikuwa na haki. Shangazi alisimulia huku anakata vitunguu, akadhani nalia kwa sababu ya vitunguu.

Mkono wako siyo mbaya. Mbaya ni wangu, na mimi bado nachora mistari nasifiwa darasani.

Juzi Jumapili, baada ya simu ya Mama, niliingia chumba cha kazi na kuiweka ile skrubu juu ya mchoro aliokuwa anauangalia Baba. Nikasema yote, kuanzia brashi mpaka geti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alivaa miwani, akaishika skrubu kwa kibano, akaigeuza mwangani, akavua miwani. Aliuliza jambo moja tu, kama kadi yako ilihusika hata kidogo. Nikasema hapana, Baba, hata kidogo. Redio ilimaliza taarifa ya habari, ikaanza muziki. Kisha akasema, kama anaongea na mchoro, kwamba amejenga nyumba za watu kwenye karatasi miaka thelathini akipima kila kitu mara mbili, na mwanawe hakumpima hata mara moja.

Hakunipiga wala hakunifokea, na usidhani hilo lilikuwa jepesi. Aliniambia niandike mimi kwanza kwa sababu kosa la kwanza ni langu, na kwamba la kwake ni kubwa zaidi, ila hajui linaanza na neno gani. Nimemwona tangu jana ana karatasi mezani. Juu kabisa ameandika "Mwanangu" kwa ile hati yake ya kuandikia ramani, na chini yake hakuna kitu. Ameinoa penseli mara nne.

Mama Waya alitaka kunipa skrubu nyingine, anazo mkebe mzima. Baba akakataa. Aliinama nyuma ya kasha, akaondoa kile kibati kinachoziba nafasi ya pili, nikamwambia vumbi litaingia, akasema basi utakuwa unafuta, si unajua kufuta. Nadhani ulikuwa utani. Kadi yako imo kwenye droo, ndani ya kitambaa chake. Baba aliniuliza kama niichomeke, maana picha mbili zimebaki na siku ni chache. Nilisema hapana, hiyo ina mwenyewe.

Kwa hiyo mashine yetu ina skrubu kumi. Ya kumi na moja nimeibandika kwa gundi ya karatasi chini ya ukurasa huu. Ibandue taratibu, usichane jina langu. Doa jeusi haliondoki, nimejaribu kwa chumvi na kwa siki, lakini meno yake ni mazima na inafunga vizuri, Mama Waya ameijaribu. Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuomba uishike mkononi uone ilivyo ndogo, kisha uwaambie hao wa kiwandani kwamba unajua kompyuta. Na kama siku moja utakuwa na nafasi, tundu lake liko wazi huku, upande wa kulia, la pili kutoka juu.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Bibi naye, na nyonga yake. Mama Waya anasema wewe humjui lakini anakusalimu kama fundi kwa fundi. Baba hajatuma salamu kwa mdomo. Alisimama mlangoni sasa hivi, akaona naandika, akaniuliza kama kiti hicho bado kinalia, akaenda kutafuta mafuta ya kulainisha gurudumu. Nimemwambia akiache hivyohivyo mpaka mwenyewe aje aseme.

Kaa salama, kaka. Kula.

Ni mimi mdogo wako,

Rula